Jina la Baba Kwenye Fomu

Nilipomaliza Kidato cha Nne nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima nikingojea kuitwa chuo cha ualimu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Asubuhi nilimsaidia mama kuchuma pareto, alasiri mvua ikatufukuza shambani kama kawaida ya kwetu, na baada ya hapo sikuwa na la kufanya ila kurudia vitabu vile vile. Sabato moja, baada ya ibada, mzee wa kanisa alinivuta kando. Aliniambia kuna shirika la wahisani linalotaka kusaidia watoto wa familia zenye shida pande za Kebirigo, nalo linatafuta mtu wa huku anayejua Ekegusii, lugha yetu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, awe akizunguka na afisa wao kutafsiri na kuandika barua. Mshahara haukuwapo. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza.

Wakati huo niliona kusaidia ni jambo jepesi. Yupo asiye na kitu, yupo aliye nacho, na katikati yao anahitajika mtu wa kupeleka habari. Mimi ningekuwa mtu huyo.

Afisa aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa pwani, aliyehamia Nairobi kwa kazi. Kiswahili chake kilimtoka bila kufikiri. Changu kilikuwa cha darasani, na kila nilipofungua mdomo mbele yake nilijiona kama niliye katika mtihani. Hata hivyo hakunicheka. Aliniita mwanangu, nami nikamwita mama, na siku ya kwanza tulikaa kwenye benchi la kanisa akanionyesha fomu. Jina la mtoto, umri wake. Jina la baba, na kama yu hai au amefariki. Jina la mama, hivyo hivyo. Idadi ya watoto nyumbani. Kisha nafasi ndogo ya maelezo, isiyotosha hata sentensi mbili. Alisema watoto yatima hutangulizwa, kwa kuwa ndio wanaowagusa zaidi wafadhili wa ng'ambo. Mfadhili mmoja alipewa mtoto mmoja, akatumiwa picha yake, wakawa wakiandikiana barua.

Wiki ya pili tulipanda mlima kwenda boma moja nililolijua tangu utotoni kwa mbali, kwa moshi wake tu. Aliishi huko mama mzee, mjane, pamoja na mkaza mwana wake na wajukuu watatu. Mvua ya mawe ilikuwa imewaharibia shamba msimu ule. Mkaza mwana alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, hata kulima akalima ameketi, akijisogeza kwa mkono. Mjukuu mkubwa, msichana wa miaka minane au tisa, ndiye aliyechota maji na kubeba wadogo zake, na shule alikuwa hajaiona. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza upande mmoja. Mtu yeyote mwenye macho angesema hawa wanahitaji msaada.

Walitukaribisha vizuri. Tuliketi kwenye vigoda, tukapewa ndizi za kuchemsha. Afisa alimwita yule msichana karibu, akamshika mkono, akamuuliza kwa upole kwa Kiswahili, "Baba yako yuko wapi?"

Mtoto akamwonyesha mama yake kwa kidole.

Afisa akatabasamu, akauliza tena polepole. Mtoto akaonyesha pale pale, mara hii akimshangaa mgeni asiyeona mtu aliye mbele yake. Ikabidi nieleze kwamba katika Ekegusii "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Afisa alicheka sana, mama mzee akacheka nilipomweleza, hata mkaza mwana akacheka huku ameshika mguu wake. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilianza kuona haya, kwa sababu nilijua swali linalofuata na nilijua jibu lake.

Kwetu, mwanamke aliyezaa mabinti watupu, kisha mumewe akafa, hakukubali boma lake lifungwe hivi hivi. Alichukua ng'ombe walioletwa kwa mahari ya mabinti zake, akamwoza mwanawe mke. Mwana mwenyewe hakuwahi kuzaliwa. Alimpa jina, akamjengea nyumba, na msichana aliyetolewa mahari akaingia katika nyumba hiyo kama mkaza mwana. Watoto waliozaliwa humo walikuwa wajukuu wa kweli, wakabeba jina la huyo baba na kurithi shamba lake. Nani aliwazaa kwa damu, hilo halikuulizwa. Watu walijua, nao walinyamaza. Kanisani kwetu jambo hilo lilihubiriwa kuwa dhambi, na shuleni mwalimu wetu mmoja alilitaja kama mfano wa giza tulilotoka. Mimi nilikuwa nimekaa katika darasa lile nikiitikia kwa kichwa.

Afisa aliuliza jina la baba wa watoto. Nikatafsiri. Mama mzee alijinyoosha mgongo akalitaja kwa sauti, jina la babu wa mumewe, jina zuri la watu wa zamani. Afisa akaliandika.

"Yuko wapi?"

Nikauliza. Mama mzee aliniangalia mimi, si afisa. Aliona mtoto wa huku, anayejua. Akasema kwa Ekegusii, "Mwambie hayuko."

"Hayuko," nikasema.

"Hayuko, yaani amefariki?"

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Keroka na ilitupasa kuteremka kabla njia haijawa utelezi. Nilitaka kueleza. Nilianza hata kutafuta maneno, lakini kila nililolipata kwa Kiswahili lilifanya watoto wale waonekane wa haramu na mama mzee aonekane mshenzi, na msichana aliyesimama hapo aonekane si yatima wa kutosha. Na nilipojiuliza kama mtu ambaye hakuzaliwa yu hai, nikaona hayu hai. Basi nikasema, "Ndiyo."

Mama mzee hakuuliza nimesema nini. Afisa aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, akaandika. Tukateremka na mvua ikatukuta njiani hata hivyo.

Msichana alichaguliwa upesi. Akapigwa picha akiwa amesimama wima kama mti, akaanza shule baada ya miezi michache na sare mpya iliyomfika chini ya magoti. Zikaja blanketi, maziwa ya unga, sabuni. Mkaza mwana alipelekwa hospitali ya misheni, kidonda kikaoshwa na kufungwa wiki baada ya wiki mpaka kikaanza kuziba. Nilipopanda huko na kuona wadogo wamenenepa, nilijiambia kwamba neno langu moja halikumdhuru mtu. Nilikuwa nikilirudia hilo mara nyingi, na mtu aliye na hakika harudii hivyo.

Kisha ikaja barua. Wafadhili wa mtoto walikuwa mzee na mkewe, watu wa mji mdogo wenye baridi, kama walivyojieleza. Ofisi ilinipa niipeleke nikaisome kule juu. Niliifungua tukiwa tumeketi nje kwenye jua, mama mzee, mkaza mwana na msichana, nikaanza kutafsiri moja kwa moja bila kuisoma kwanza. Lilikuwa kosa. Mwanzoni walisalimu na kueleza habari za bustani yao. Halafu waliandika kwamba wamesikia kwamba baba wa mtoto amefariki, nao wamelia kwa ajili yake, kwa sababu wao pia walikuwa na mwana mmoja tu, akaugua akafa akiwa kijana. Walimwomba mama mzee ajue kwamba kuna mama mwingine mbali anayeelewa uchungu wake.

Nilifika katikati ya sentensi hiyo nikanyamaza. Ningeweza kuruka. Lakini nilikuwa nimeshatamka jina la mwana wa boma lile, kwa maana walikuwa wameliandika, na mama mzee alikuwa amegeuka kunikabili.

"Wanasema nini kuhusu mwanangu?"

Nikamweleza. Nilimwambia nililomjibu afisa siku ile, na kwa nini, ingawa hiyo "kwa nini" haikutoka vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema amekufa."

"Ndiyo, magokoro." Ndivyo tunavyomwita nyanya.

"Nami sijamzika."

Mkaza mwana, ambaye kwa kawaida hakusema mbele ya mama mkwe wake, aliuliza polepole, "Kwa hiyo mimi ni mjane?" Alikuwa ameuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza siku ya soko. Msichana alituangalia mmoja mmoja. Baadaye nilijua kwamba shuleni mwalimu alikuwa tayari ameandika "yatima" mbele ya jina lake, na wenzake wakamuuliza baba yake alikufa lini, akakosa la kusema kwa kuwa nyumbani hakuna aliyemwambia kuna msiba.

Nilitarajia mama mzee anifukuze. Badala yake akauliza, "Yule mama wa huko, alilia kweli?"

Nikasema barua inasema walilia wote wawili.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akafunika uso wake kwa upindo wa leso, na mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hasira, au huzuni, au jambo jingine ambalo mimi sikuwa na umri wa kulijua. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumlilia mwana asiyezaliwa isipokuwa yeye, na sasa wamepatikana wageni wawili ng'ambo wakafanya hivyo. Au huenda nilikuwa nimemnyang'anya kitu. Niliteremka mlima nikiwaza hili, kisha lile, na kufika nyumbani sikuwa nimetulia kwenye lolote.

Barua ilitakiwa kujibiwa. Wale wazee walikuwa wameuliza huyo baba alikuwa mtu wa namna gani. Nilirudi nikiwa nimekusudia tuandike salamu tu na habari za shule. Lakini mama mzee alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa amekaa na kunifungia mbwa, jambo asilolifanya kwa kila mgeni, na nilipotoa karatasi akaanza kusema. Alisema mwanawe alikuwa mrefu, urefu wa ukoo wa baba yake. Alikuwa mchungaji mzuri, ng'ombe walimfuata bila fimbo. Alipenda ugali wa wimbi na maziwa lala, na hakupenda kelele. Alisema mwanawe alimwahidi kumwezekea nyumba kwa mabati. Mkaza mwana alikuwa akichambua mboga karibu, na mama mzee alipofika kwenye mabati yeye aliinua macho kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mumewe hakuwahi kumpiga. Mama mzee akakubali. "Andika hilo pia. Hakuwahi kumpiga mkewe."

Niliandika. Niliandika yote kwa Kiingereza changu bora cha shule. Msichana alikuwa ameketi miguuni pangu, mdomo wazi, akisikia habari za baba yake kwa mara ya kwanza. Mkono wangu ulitembea kwenye karatasi na akili yangu ikawa inaniuliza naandika nini. Ulikuwa uongo? Aliyekuwa akisema hakuwa akisema uongo, nilikuwa nikimwona usoni. Aliyetia saini kwa niaba yao nilikuwa mimi.

Barua tatu zilikwenda hivyo na nyingine tatu zikaja. Katika ya mwisho wafadhili waliomba picha ya kaburi, waiweke karibu na picha ya mwana wao aliyekufa.

Hapo nikashindwa. Sikumpelekea mama mzee barua hiyo. Niliikunja nikakaa nayo mpaka afisa alipokuja tena kutoka Nairobi, na tulipokuwa tukitembea kutoka kanisani kwenda sokoni nikamweleza kila kitu, kuanzia ndiyo yangu ya siku ile. Alisimama njiani. Aliniuliza maswali mengi, na nilieleza ile desturi vibaya, kisha vizuri zaidi, kisha nikaivuruga tena. Nilidhani angenikaripia. Aliniuliza tu, "Mtoto anakula? Anasoma?"

"Anakula. Anasoma."

Akaanza tena kutembea. "Fomu haikufikiria jambo hili," akasema. "Lakini mwanangu, nimetia saini yangu kwamba mtu amekufa."

Alisema lazima arekebishe. Alinihakikishia mtoto hataondolewa, kwa sababu shida yao ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililonipa usingizi. Siku ya pili tukapanda wote wawili. Afisa aliwaeleza kwa heshima, nami nikitafsiri, kwamba kulikuwa na kosa kwenye karatasi na amekuja kulisahihisha. Akakata lile neno "amefariki" kwa mstari mmoja, akafikiri, na juu yake akaandika neno lililokuwa limekubaliwa na ofisi kwa watoto kama hao. Mama mzee akaniuliza limeandikwa nini.

Nikatafsiri. Hajulikani.

Sijawahi kuona uso ukifungika vile. Alikuwa amevumilia mwanawe kuuawa kwa kalamu, akawakubalia hata wageni wamlilie. Hili alilikataa. "Hajulikani na nani?" akauliza. "Nilikutajia jina lake hapa hapa, kwenye kigoda hicho." Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na blanketi na lile kopo la maziwa, akaviweka miguuni pa afisa. Kisha akamwambia mjukuu wake avue sare.

Msichana alianza kufungua vifungo. Ndipo mkaza mwana aliposimama. Kidonda kilikuwa kimepona lakini bado alichechemea, akachechemea mpaka katikati yetu, akaushika mkono wa mtoto. Hakupandisha sauti. Alimwambia mama mkwe wake kwamba tangu aje katika nyumba ile hajawahi kumpinga, wala hatampinga tena baada ya siku hiyo. "Jina ni lako," akasema, "na sijalikataa. Lakini tumbo lilikuwa langu. Huyu atasoma."

Afisa aliniuliza wanasema nini. Sikumtafsiria. Nilimwambia wanajadiliana.

Tuliondoka tukiwa tumeviacha vitu pale pale uani. Juma lililofuata niliambiwa shuleni kwamba msichana hakukosa hata siku moja. Na nilipopanda kusalimu, mama mzee alinipa kigoda lakini hakunipa ndizi, akaniuliza habari za mama yangu na za pareto, basi. Sikujua kama nimesamehewa. Nilitaka kuomba msamaha, nikashindwa kuamua niombe kwa lipi: kwa kusema amekufa, au kwa kusema hakufa.

Barua za ng'ambo zilikoma. Msaada haukukoma, sare zilikuja kila mwaka, na vitabu. Niliwauliza ofisini kama wale wazee waliambiwa ukweli, na kwa maneno gani, nikajibiwa kwamba mambo hayo hushughulikiwa huko huko. Wakati mwingine nilimfikiria yule mama wa mji wa baridi, ambaye alidhani amepata mwenzake wa msiba, kisha huenda akaletewa karatasi inayosema hapakuwa na msiba. Nami ndiye niliyempa mwenzake na kumnyang'anya. Halafu nikakumbuka kidonda kilichopona, nikajiona nimefanya vema, na hisia hizo mbili zikakaa ndani yangu bila kusalimiana.

Niliitwa chuoni, nikahitimu, nikapangiwa shule upande wa Kisii. Wakati wa likizo niliendelea kujitolea, sehemu nyingine, fomu nyingine. Nilijifunza kuuliza, "Nieleze watu wa nyumba hii," kisha kusikiliza kabla ya kutoa karatasi, ingawa mwishowe karatasi ilitoka tu na nafasi zake zilikuwa zile zile.

Katikati ya miaka ya sabini nilikutana na mkaza mwana sokoni Kebirigo. Alikuwa akiuza ndizi, amenenepa, na mguu ulikuwa mzima. Aliniambia mama mkwe wake amefariki msimu wa kupanda, baada ya kuugua kitandani miezi mingi. Binti alikuwa amefaulu na kuingia Kidato cha Kwanza. Nikampa pole, kisha hongera, na ulimi wangu ukayachanganya.

Alisema mama mzee hakuteseka sana mwishoni, kwa sababu ya zile barua. Kila Sabato jioni alimwita mjukuu wake amsomee.

Nikasema nimefurahi kwamba walizihifadhi, zile tatu nilizowapelekea.

"Zile zilichakaa zamani," akasema. "Alikuwa akimsomea mpya."

Nilimwambia hakukuwa na mpya. Ofisi ingenijulisha.

Aliinama kupanga mikungu yake. Aliniambia binti alikuwa akishika daftari lake la shule, anafungua ukurasa wowote, anasoma kwa Ekegusii: mzee wa ng'ambo na mkewe wanasalimu, bustani imechanua, wanauliza hali ya mabati, wanasema wanamkumbuka mwanao. Wakati mwingine aliongeza jambo kuhusu baba yake ambalo hata nyanya mwenyewe hakuwahi kulisema, na nyanya aliitikia kwamba ndivyo alivyokuwa. Yeye mwenyewe, mama wa binti, alisikia yote kutoka jikoni na hakuwahi kumkatiza.

"Nani alimfundisha hivyo?" nikauliza.

Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo muulizaji mwenyewe analijua, kisha akachagua chane kubwa la ndizi akaniwekea kikapuni, na nilipotaka kulipa akausukuma mkono wangu. Nikamshukuru. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, wauzaji wakafunika bidhaa zao, nami nikasimama chini ya upenu wa duka na kikapu changu, nikijaribu kujua kama nimepewa shukrani au jibu.